Mwanza–Bukoba kwenda na kurudi kwa Cessna 172: mafuta kiasi gani, na nani anawajibika?

RubaniMpya_Ilemela

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaojua ndege ndogo Kanda ya Ziwa.

Mpango ni kutoka Mwanza kwenda Bukoba asubuhi na kurudi siku hiyohiyo kabla ya giza, kwa kuona kwa macho tu, bila kujaza mafuta Bukoba. Ndege ni Cessna 172N yenye matenki ya kawaida. Kitabu chake kinasema matenki yote mawili yanabeba galoni 43 za Marekani, na zinazotumika angani ni 40. Karatasi ya mizani inaonyesha uzito mtupu kilo 680. Tutakuwa wanne, wastani wa kilo 80 kila mmoja, na begi moja la kilo 10.

Ninayotaka kujua ni haya:

1. Mwenye ndege, ambaye ni rubani wa miaka mingi na atakaa kiti cha kulia, anasema galoni 20 zinatosha kwenda na kurudi. Ni kweli?
2. Geji ya kushoto inasoma nusu, ya kulia robo tatu, lakini kijiti cha kuchovya kwenye tenki kinaonyesha matenki yako sawa. Niamini kipi?
3. Risiti ya mafuta imeandikwa "60" bila kusema ni lita au galoni. Mjaza mafuta akikosea, kosa ni la nani?
4. Nikiwa angani nikaona mafuta yanapungua kuliko hesabu, ni wakati gani hasa wa kumwambia mwongozaji wa ndege kwenye redio, na kwa maneno gani?

Asanteni.

---

Mwalimu_wa_Anga

Karibu sana, na hongera kwa kuuliza kabla ya kuwasha injini. Nianze na mizani, maana hapo safari yako imeshakwama kabla hatujagusa mafuta.

Uzito wa juu kabisa wa 172N wakati wa kuruka ni kilo 1,043. Toa 680, unabaki na 363. Watu wanne na begi ni kilo 330. Zimebaki kilo 33 za mafuta. Lita moja ya Avgas (petroli ya ndege) ina uzito wa takriban kilo 0.72, kwa hiyo hizo ni lita 45 tu, au galoni 12. Hata hizo galoni 20 za mwenye ndege hazibebeki mkiwa wanne. Mtu mmoja abaki. Mkiwa watatu, watu na begi ni kilo 250, zinabaki kilo 113. Matenki yakijaa yana lita 151 zinazotumika, ambazo ni kilo 109. Mnaingia, na nafasi ya kilo 4 juu yake. Halafu usiishie kwenye jumla ya uzito; piga na hesabu ya kitovu cha uzito, kwa sababu huyo wa kiti cha nyuma anakivuta nyuma.

Sasa mafuta. Fanya kila kitu kwa lita na kwa dakika, ubaki hapohapo mpaka mwisho. Kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa mstari ulionyooka ni maili 94 za baharini. Kwa mwendo halisi wa noti 110 (maili za baharini kwa saa) bila upepo ni dakika 51. Upepo wa mbele wa noti 15 ukikukuta, unabaki na noti 95 juu ya ziwa na safari inakuwa dakika 59. Iite saa nzima. Ukiwa umepunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta ipasavyo, injini hiyo inakula karibu galoni 8 kwa saa, yaani lita 30. Ongeza lita 4 za kuwasha, kutembea ardhini na kuruka, na lita 4 za nyongeza ya kupanda. Kwenda ni lita 38. Kurudi bila upepo ni 4 na 4 na 26, yaani lita 34. Jumla 72.

Galoni 20 ni lita 76. Kwa hiyo mwenye ndege hajakosea kujumlisha: mnafika Mwanza, na mnatua mkiwa na lita 4, za dakika 8. Lakini hebu tuulize: hizo galoni 20 ni za kijiti au ni zinazotumika? Kama ni mafuta yote yaliyomo kwenye matenki, toa galoni 3 zisizotumika. Zinabaki 17, yaani lita 64. Unapungukiwa lita 8, injini inanyamaza dakika 16 kabla ya Mwanza, kiasi cha maili 29 kutoka kiwanjani, na chini yako ni maji. Tofauti ya neno moja tu, "zilizomo" na "zinazotumika", imeshakumwaga ziwani.

Hesabu inayofaa kwa mguu wa kwanza, yaani kwenda, ni hii: kuwasha na kuruka 4, kupanda 4, safari 30, ziada ya asilimia 10 ya safari 3, kiwanja mbadala 26, akiba ya mwisho 15, na nusu saa ya kusubiri 15. Jumla lita 97. Mbadala wa Bukoba niliouweka ni kurudi Mwanza. Uwanja wa Geita ulioko Chato uko karibu maili 90 kutoka Bukoba, kwa hiyo hesabu inakaribiana.

Nusu saa ya kusubiri si anasa kwa Bukoba. Ngurumo za Ziwa Victoria hujengeka usiku juu ya maji na mara nyingi huukuta ufukwe wa magharibi asubuhi. Ndiyo maana mtu anaweza kuruka Mwanza kweupe kabisa akakuta Bukoba imefunikwa. Mchana mambo hugeuka: mawingu makubwa hujengeka nchi kavu, na Mwanza nayo inaweza kukufungia mlango unaporudi. Chukua utabiri wa viwanja vyote viwili na wa mbadala wako, si wa unakokwenda tu.

Ukiondoka umejaza lita 151 na ukatumia 41 pamoja na ziada, Bukoba unabaki na 110. Kurudi unahitaji 34, ziada 3, mbadala 22 (Chato ni kama maili 79 kutoka Mwanza), akiba 15. Jumla 74. Unabaki na lita 36 mkononi, zaidi ya saa moja ya kuruka. Mpango huo unakubalika.

Akiba ya mwisho: Kiambatisho cha 6 cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga), Sehemu ya II, kinataka dakika 30 mchana kwa anayeruka kwa macho, na dakika 45 usiku. Lakini dakika 30 kwenye ndege hii ni lita 15, yaani lita 7 na nusu kila tenki. Hakuna geji wala kijiti cha kukuonyesha hizo kwa uhakika. Kwa hiyo ninawafundisha wanafunzi wapange kutua na saa nzima, lita 30.

---

Sangara_Mkubwa

Wakuu, mbona mnazunguka sana? Jaza pomoni kila safari, maswali yote yanaisha.

---

Mwalimu_wa_Anga

Ndugu, kwa watu watatu nakubaliana nawe kabisa. Kwa watu wanne, ndege hiyo ikijaa pomoni inaruka na kilo 76 zaidi ya kikomo. Na Mwanza si Dar es Salaam. Kiwanja kiko futi 3,763 juu ya bahari, na joto likifika nyuzi 28 ndege inajiona iko futi 6,200 hivi. Njia ya kurukia ni ndefu, mtainuka, lakini upandaji utakuwa dhaifu na mbele yenu kuna vilima vya mawe.

Hapohapo niseme jambo linalosahaulika sana na wanaojifunzia pwani. Kitabu cha 172N kinasema ukiwa kwenye kiwanja kilicho juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka vuta nobu nyekundu ya mchanganyiko, injini ikiwa kwenye nguvu zote, mpaka upate mizunguko ya juu kabisa kwa dakika. Kiwanja cha Mwanza na cha Bukoba vyote viko juu ya futi 3,000. Anayeruka Mwanza na nobu imesukumwa mpaka mwisho anapoteza nguvu na anachoma mafuta bure. Kisha ukishatulia kwenye mwinuko wako, na nguvu ikiwa asilimia 75 au chini, punguza tena. Kama una geji ya joto la moshi, tafuta kilele, halafu ongeza mafuta kidogo hadi nyuzi 50 za Fahrenheit chini ya kilele. Kama huna, vuta taratibu mpaka injini ianze kukwaruza, rudisha hadi ilainike. Namba za matumizi ya safari kwenye kitabu zimepimwa hivyo. Ukiruka bila kupunguza, ile lita 30 kwa saa inaweza kupanda hadi 38 au 40, na hesabu yote niliyoandika hapo juu haina maana tena.

---

Fundi_wa_Nyakato

Nijibu la geji na kijiti.

Ndani ya tenki kuna boya limefungwa kwenye mkono wa chuma. Mkono unapanda na kushuka na kubadilisha umeme unaokwenda kwenye mshale. Boya likinywa mafuta linazama, geji inasoma chini. Waya wa kwenda kwenye mwili wa ndege ukipata kutu, geji inaweza kusoma juu au kucheza. Ndege ikiwa imeegeshwa upande mmoja umeinama, geji mbili zitatofautiana hata kama zote ni nzima. Vijiweni utasikia kwamba sheria inataka geji iwe ya kweli kwenye sifuri peke yake. Hiyo si tafsiri sahihi. Kanuni ya utengenezaji inasema isome sifuri pale yanapobaki yasiyotumika, ndege ikiwa imelala sawa angani. Haikutoa ruhusa ya kudanganya kwingineko. Hiyo geji inayosoma robo tatu wakati mwenzake anasoma nusu iandikwe kwenye daftari la hitilafu na irekebishwe.

Ardhini, ndege ikiwa kwenye sakafu tambarare, amini kijiti, lakini kiwe kijiti cha ndege hiyohiyo. Kijiti cha kuazima kutoka 182 au 206 hakikuhusu. Kukitengeneza ni kazi ya nusu siku. Isimamishe ndege kwenye tambarare, toa mafuta yote kwenye tenki, rudisha lita 5.7 (hizo ni galoni 1.5 zisizotumika za upande huo), halafu mimina lita 10, chovya, weka alama, lita 10, chovya, weka alama, mpaka mdomoni. Alama zako sasa ni za mafuta yanayotumika. Tumia mti usiopakwa rangi, chovya wima hadi sakafu ya tenki, soma mara moja kwa sababu Avgas inakauka upesi. Rudia upande wa pili. Usidhani matenki ni mapacha. Alama za mwanzo utazikosa, kwa kuwa mabawa yameinuka kuelekea nje na mafuta machache yanakaa ndani, mbali na mdomo. Kijiti kikitoka kikavu, hesabu sifuri.

"Imejaa" nayo ina udanganyifu wake. Matenki haya ni mapana na hayana kina, kwa hiyo mafuta yakiwa sentimita mbili chini ya mdomo umekosa lita kadhaa kila upande.

Angani, kanuni inabadilika. Kama geji inashuka haraka kuliko saa yako, amini geji. Sababu ya kawaida ni kifuniko kilicholegea au mpira wake uliokauka. Juu ya bawa hewa inavuta, na tenki linaweza kunyonywa mpaka mafuta yanaisha bila abiria kuona tone. Alama ya buluu nyuma ya kifuniko ukiwa chini ni ushahidi wa kutosha. Usiruke mpaka mpira ubadilishwe.

Bomba la kupumulia kwenye 172 linatokea chini ya bawa la kushoto, nyuma ya nguzo. Nyigu wanalipenda. Likiziba, mafuta yanatoka lakini hewa haiingii, na injini inakatika wakati tenki lina mafuta. Liangalie kila siku, pamoja na mkao wake: likipindishwa na mtu aliyelikanyaga au kulishika, matenki yanaanza kutoa mafuta kwa viwango tofauti.

Ukiegesha mahali penye mteremko, weka selekta (swichi ya kuchagua tenki) LEFT au RIGHT. Ikiwa BOTH, tenki la juu litahamia kwenye la chini usiku kucha na jingine litamwagika kupitia kipumulio. Lakini kabla ya kuwasha, irudishe BOTH, uiguse kwa mkono na uhisi ikinasa kwenye kituo chake. Selekta iliyosimama katikati ya vituo viwili inapitisha mafuta ya kutosha kutembelea ardhini, haipitishi ya kutosha kupandia. Na primer (pampu ndogo ya mkono ya kuwashia injini): isukume ndani, ufunge. Ikibaki wazi injini inanyonya mafuta kupitia hapo safari nzima.

Maji. Hewa ya ziwa ina unyevu, na tenki lililolala nusu tupu linatoa jasho ndani. Kila asubuhi, na kila baada ya kujaza, subiri mafuta yatulie kisha toa nusu kikombe kila vali: kila bawa, halafu kichujio cha injini. Maji ni mazito, yanakaa chini. Ujanja ni kwamba kikombe kikiwa maji matupu hakina mstari wowote, kinaonekana safi. Kwa hiyo kiangalie kwenye karatasi nyeupe: Avgas 100LL ni ya buluu. Ukiona maji, tikisa mabawa, bonyeza mkia chini, subiri, toa tena. 172 za R na S zina vali 13. Wenye hizo msiruke hata moja.

Jet A-1 (mafuta ya ndege za jeti) haina rangi hiyo, ni nyeupe au ya manjano hafifu. Uwanja kuwa na Jet A-1 hakumaanishi una Avgas, kwa hiyo piga simu siku moja kabla. Jet A-1 ikiingia kwenye tenki la injini ya petroli, injini itawaka kwa mabaki ya Avgas yaliyo kwenye bomba, itakubeba mpaka hewani, halafu itaanza kupasuka ndani. Mchanganyiko wa vyote viwili bado unaweza kuonekana wa buluu. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Avgas inakauka bila kuacha kitu, Jet A-1 inaacha duara la mafuta. Simama pembeni ya bawa wakati wa kujaza, usome maandishi ya gari au pipa kwa macho yako.

Wanaojaza kwa jerikeni na mapipa: unganisha waya wa umeme tuli kati ya pipa na ndege kabla ya kufungua kifuniko, tumia faneli ya chuma inayogusa mdomo wa tenki. Jerikeni ya plastiki haipitishi umeme huo ardhini, na cheche yake hutokea palepale penye mvuke.

---

Kanuni_Kwanza

Maswali mawili ya mwisho.

Kiambatisho cha 2 cha ICAO kinasema rubani kiongozi ndiye anayewajibika kwa uendeshaji wa ndege, awe ameshika usukani yeye au hajaushika, na ndiye mwenye uamuzi wa mwisho. Kinamtaka pia, kabla ya safari, aangalie hali ya hewa, mahitaji ya mafuta na njia mbadala. Kanuni za TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) zimesimama juu ya msingi huohuo. Mjaza mafuta ana wajibu wake, fundi ana wake, mwenye ndege ana wake. Hakuna hata mmoja kati yao anayekuondolea wako.

Kwa hiyo risiti yenye "60" haikufikishi popote mpaka ujue ni 60 za nini. Lita 60 ni karibu galoni 16. Soma mita ya pampu kabla na baada, andika tofauti na kipimo chake, halafu chovya kijiti. Vitu vitatu vikubaliane: yaliyokuwamo, yaliyoongezwa, yaliyomo sasa. Kisiporidhiana kimoja, ndege haiondoki. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani kwa sababu lita ziligeuzwa kuwa uzito kwa kuzidisha na 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, badala ya karibu 0.8, ambayo ni kilo kwa lita. Ilihitaji kilo 22,300, ikapakia chini ya nusu yake. Ardhini na ndani ya ndege watu kadhaa waliipiga hesabu hiyo, na wote walitumia namba ileile. Anayerudia hesabu yako kwa kutumia namba yako hajakukagua.

Kuhusu mwenye ndege kukaa kulia. Hili ni gumu kuliko lita, kwa sababu ni mtu mzima, ndege ni yake, na kwetu kumpinga mkubwa mbele ya watu ni aibu. Limalizeni chini, kabla abiria hajafika. Nani rubani kiongozi? Kama ni wewe, mwambie kwa adabu: "Mzee, kwa heshima, safari hii imeandikwa kwa jina langu, hesabu yangu ni hii, naomba uiangalie." Mpe karatasi, si maneno. Akisema galoni 20, muulize zinaacha dakika ngapi mnapotua. Kama hakubali, aruke yeye kama rubani kiongozi na jina lake liandikwe, nawe uamue kama unapanda. Ndege yenye marubani wawili na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyepima ina hatari zaidi ya ndege yenye mmoja.

Takwimu za Marekani zinaunga mkono jambo hili. Bodi yao ya usalama, NTSB, ilipochambua miaka ya 2011 hadi 2015 ilikuta ajali za ndege ndogo zinazotokana na usimamizi wa mafuta ni zaidi ya 50 kwa mwaka, na asilimia 95 zilihusisha makosa ya watu, si vifaa. Zaidi ya nusu mafuta yalikwisha kabisa. Karibu theluthi moja mafuta yalikuwamo ndani ya ndege lakini hayakufika kwenye injini: tenki lisilo sahihi, selekta imewekwa vibaya, bomba limeziba.

Sasa redio. Kuna hatua mbili na kila moja ina maneno yake, ambayo yanasemwa kwa Kiingereza.

"MINIMUM FUEL" unasema pale ambapo umeshaamua kutua kiwanja fulani na ucheleweshaji wowote zaidi utakufanya uguse akiba yako ya mwisho. Si dharura na haikupi kipaumbele. Inamweleza mwongozaji kwamba huna nafasi ya kuzungushwa.

"MAYDAY MAYDAY MAYDAY FUEL" unasema pale hesabu inapoonyesha utatua kiwanja salama cha karibu ukiwa na chini ya akiba ya mwisho. Angalia hapo: hungoji injini ikohoe. Ukiwa na dakika 40 na kiwanja kiko dakika 15 mbele, utatua na 25, chini ya 30. Ni MAYDAY, sasa hivi.

Usitumie maneno ya katikati. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca namba 52 ilianguka karibu na New York baada ya kusubirishwa muda mrefu. Watu 73 walikufa. Marubani walimwambia mwongozaji kwamba mafuta yanawaishia, lakini hawakutangaza dharura, na mwongozaji akaendelea kuwaweka kwenye foleni. Tabia yetu ya kuomba kwa upole, "naomba kama inawezekana nitangulie", itatuponza vilevile.

---

RubaniMpya_Ilemela

Asanteni sana wakuu, nimepata shule nzima. Mmoja ameshakubali kubaki, tutajaza pomoni, na kijiti kinatengenezwa kabla ya safari.

Swali la nyongeza. Mama mmoja anayesafiri nasi anaogopa kuvuka ziwa. Nikifuata ufukwe, Mwanza–Chato–Bukoba, halafu nirudi hivyohivyo, mafuta yanatosha?

---

Mwalimu_wa_Anga

Hayatoshi, na afadhali uone kwa nini. Maili 79 na 89 ni 168. Bila upepo ni dakika 92, lita 46. Ongeza 8 za kuruka na kupanda, ni 54. Kwenda na kurudi ni 108. Katika lita 151 zinabaki 43. Mbadala wa Mwanza 22 na akiba 15 zinakula 37. Umebaki na lita 6, dakika 12, kabla hujaweka upepo, ziada wala wingu moja la kuzunguka. Na upepo wa noti 15 njia nzima ya kwenda unakula zaidi ya hizo.

172N zilitengenezwa pia na matenki makubwa ya galoni 50 zinazotumika, lita 189, lakini zako siyo, na zingekuwa hizo mafuta yangekuwa kilo 136. Kwa watu watatu na begi mngezidi kilo 23.

Kwa hiyo una njia mbili. Ya kwanza, kupita ufukweni na kuhakikisha kwa simu kwamba Bukoba utapata angalau lita 50 za Avgas. Usipozipata, usipite huko.

Ya pili, kuvuka moja kwa moja, lakini huyo mama ana hoja na inajibika kwa namba. Maji ya ziwa yenyewe yako karibu futi 3,720 juu ya bahari. Altimita ikisoma 6,500 uko futi 2,780 tu juu ya maji, na 172 inaelea karibu maili moja na nusu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo utafika maili 4. Ukienda 8,500, ambao nao ni mwinuko sahihi wa kuelekea magharibi, unafika maili 7. Kurudi tumia 9,500. Hata hivyo kuna vipande katikati ambako nchi kavu iko mbali kuliko hapo, kwa hiyo kila mtu avae koti la kuokolea kabla ya kupanda, la kujazwa hewa baada ya kutoka nje ya ndege. Nyongeza ya kupanda hadi huko ichukulie lita 6 badala ya 4, kila mguu.

Mwanza jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache jioni, kutegemea mwezi. Panga kuondoka Bukoba kabla ya saa 10. Ukichelewa mpaka usiku ukukute, akiba yako inakuwa dakika 45, si 30, na lita zile 36 za mkononi zinapungua kwa nane.